Tulipomtafuta Kozi Mashambani mwa Al Awir

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu kipande tu. Huyu nimemsimulia soko la ndege, yule nimemsimulia mkono wa Karisa, mwingine nimemwambia nitaeleza siku nyingine. Sasa nimekaa niandike yote, ili Jumamosi tukienda Mida tuangalie ndege, nisiwe nasimulia mimi huku kitwitwi wanatupita.

Ya tiketi na viza nayaacha. Nilikwenda Dubai kumwona mdogo wangu Karisa, ambaye ni mlinzi katika jengo moja refu la Dubai Marina. Wengi wenu mnamkumbuka. Mnakumbuka pia kwamba mama alipofariki, Karisa hakuja kumzika. Alituma ujumbe kwamba amenyimwa ruhusa kazini, na tangu hapo mimi na yeye tukawa tunaongea kwa simu habari za mvua na za watoto wangu, basi. Nilipanda ndege nikiwa na maneno yangu kifuani, niliyoyapanga muda mrefu.

Kabla sijaondoka aliniuliza ningependa kuonyeshwa nini nikifika. Nikamwambia ndege. Alicheka sana. "Dada, watu huja kuona lile ghorofa refu." Nikamwambia ghorofa nitaliona hata nisipotaka.

Rashidiya, asubuhi ya ukungu

Nilifikia Rashidiya, kwa mama mmoja wa Mombasa anayepangisha vitanda karibu na uwanja wa ndege. Siku ya mapumziko ya Karisa haikupatikana, kwa hiyo tulipatana hivi: atamaliza zamu ya usiku Marina, atapanda metro mpaka stesheni ya mwisho upande wetu, tutazunguka mchana kutwa, kisha jioni arudi kazini. Nikamuuliza atalala saa ngapi. Akasema ndani ya metro.

Mtu angeniambia zamani kwamba Dubai kuna baridi ningemwona mwongo. Asubuhi ile ya Januari nilivaa sweta na juu yake nikajifunga leso mbili, na bado meno yalikuwa yanagongana. Ukungu ulikuwa mzito hata taa za barabarani zilionekana kama zimefungwa kwa pamba. Nilisimama mlangoni mwa stesheni na darubini yangu shingoni, nikampigia Karisa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alikuwa amepitiwa na usingizi, akashuka stesheni si yake, na sasa alikuwa anasubiri treni nyingine.

Mwanamke aliyekuwa akifagia alisikia Kiswahili changu akasogea. Alikuwa wa Tanga.

"Dada, unasubiri mtu?"

"Namsubiri mdogo wangu. Tunakwenda kutazama ndege."

"Ndege za wapi?"

"Zozote tutakazozipata."

Akaegemeza ufagio wake ukutani. "Tiketi unazo?"

"Hii haitaki tiketi. Ni kwenda tu."

Uso wake ulibadilika. Akanishika mkono, akanipeleka pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada yangu, nisikilize. Hakuna mtu anayepanda ndege bila tiketi. Huyo anayekuja kukuchukua unamjua vizuri? Pasipoti yako iko wapi? Usimpe mtu!"

Nilipoelewa nilitaka kucheka, lakini nilivyomwona macho yake sikuweza. Alikuwa ananiogopea kweli. Nikampa darubini, nikamwonyesha njiwa waliokuwa juu ya paa. Akawatazama, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama hao kwetu hawapo. Hata hivyo hakuondoka mpaka Karisa alipotokea, suruali ya kazi mwilini, macho mekundu, chai ya maziwa na chapati za mayai mikononi. Yule mama alimkagua kuanzia viatu.

"Huyu ndiye mdogo wako kweli?"

"Tumbo moja," nikamwambia.

Ndipo akachukua ufagio wake.

Warsan, tulikopelekwa na dereva

Teksi tuliyoipata ilikuwa ya Mpakistani mwenye ndevu nyeupe. Karisa alimweleza kwamba dada yake anapenda ndege, na tunataka kwenda upande wa mashamba ya Al Awir. Dereva aliposikia ndege alifurahi mno. Alisema na yeye ni mtu wa ndege, kwao alifuga njiwa, tusiwe na wasiwasi. Karisa akalala kabla hatujatoka barabara kubwa. Mimi nikawa natazama ukungu na kuitikia kwa kichwa.

Aliposimama, tulikuwa mbele ya soko la ndege la Warsan.

Tuliingia kwa sababu hatukujua la kufanya. Kasuku wa kila rangi, njiwa wenye manyoya miguuni, kuku wa mapambo, ndege wadogo wamejazana ndani ya vizimba kama matunda. Muuzaji mmoja alinitolea kasuku, akamweka begani mwangu kabla sijakataa. Kasuku akaanza kuivuta leso yangu. Karisa alicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kumsikia akicheka kwa kicheko chake cha nyumbani.

Nje, penye kibustani cha kuzunguka maegesho, nilimwona hudihudi. Alikuwa anatembea kwenye majani, kilemba chake akikifunga na kukifungua, akichoma udongo kwa mdomo. Ni yule yule wa kwetu, lakini nilimkodolea macho kama sijawahi kumwona. Dereva alikuwa bado anatungoja. Akashuka, akatazama tunachotazama, akatazama soko lote lililokuwa nyuma yetu.

"Huyu?" akauliza kwa Kiingereza chake. "Mnataka wa nje?"

"Wa nje," Karisa akamjibu.

Akajipiga paji la uso. "Yalla, yalla, twendeni."

Barabara za Al Awir

Alitushusha kwenye barabara nyembamba ya lami, kuta za mashamba upande mmoja na mchanga upande mwingine. Aliuliza tutarudije. Karisa akasema inshallah, na dereva akatikisa kichwa kama mzazi.

Ukungu ulikuwa unainuka. Nawaambia kweli, nilisahau baridi. Juu ya waya wa umeme alikaa kambu mwenye mabawa ya buluu, na kila tulipomkaribia aliruka nguzo moja mbele, kana kwamba anatuongoza. Kwale walikuwa wanaitana nyuma ya ukuta. Keremkerem wa kijani walitua chini ya mabomba ya maji yaliyovuja. Ngamia walivuka barabara bila haraka, na gari zima la mboga likawasubiri. Karisa alitembea nyuma yangu, mikono mfukoni. Nilijiambia tukifika kwenye kivuli nitaanza yale maneno yangu.

Hatukufika kwenye kivuli. Gari kubwa jeupe lilikuja polepole likasimama kando yetu. Ndani alikuwamo mzee mwembamba wa kanzu, kilemba kimekaa upande, mkononi ameshika antena ameitoa dirishani. Aliongea Kiarabu haraka haraka. Karisa alimsikiliza, kisha akanigeukia.

"Dada, mzee amepoteza ndege wake."

Mzee akaishusha antena. "Nyie mwasema Kiswahili?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo," nikasema.

"Marahaba! Marahaba! Loo! Mwatoka wapi, wanangu?"

"Malindi."

Uso wake wote ukafunguka. "Malindi! Miye n'mezaliwa Malindi! Nyumba yetu nyuma ya msikiti, ukitoka bandarini mkono wa kushoto. Nyie wa nyumba ipi?"

Kwa kitambo tukawa tunatafutana. Yeye anataja vichochoro nisivyovijua, mimi nataja Gede na Watamu, yeye anashangaa. Mpaka Karisa akatambua kwamba mzee anasema Malindi ya Unguja, mtaa, na sisi tunasema Malindi ya Kenya, mji.

"Aa," mzee akasema. "Si haba. Mmekaribia."

Jina lake Mzee Nasor. Alitoka Unguja mtoto, hajarudi. Ndege aliyempoteza ni kozi, yule wa kuwindia, jike, anaitwa Mahabuba. Alimrusha alfajiri kumfanyisha mazoezi, ukungu ukashuka ghafla, kozi hakurudi. Mgongoni alikuwa na kifaa cha kutoa mlio wa kumfuatia, lakini mlio huo ulikuwa unafifia, na sasa ulikuwa umekatika kabisa. Mzee aliona darubini shingoni mwangu.

"Macho yangu hayafiki mbali, mwanangu. Nisaidie. Miguuni ana vikamba vya ngozi. Akitua pabaya vikanasa, ataning'inia mpaka afe."

Nilimwangalia Karisa. Yeye alikwisha kufungua mlango wa gari.

Karisa alikaa mbele, mimi nyuma na kigingi kitupu anachokalia kozi. Mzee aliendesha taratibu, na kwa kuwa ni Mwunguja, hata katika shida ile hakuacha kutujulia hali. Hamjambo? Kazi? Watoto? Wazee je, mama hajambo?

"Hajambo, mzee," Karisa akasema. "Yuko tu nyumbani."

Alilisema bila kusita, kama mtu anayetaja jina lake. Nilitazama kisogo chake. Hakugeuka. Mdomo wangu ulifunguka, na nikaona mzee alivyoinamia usukani akitafuta juu ya nguzo, nikaufunga.

Mzee alitupa mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa. Aliuoka mwenyewe, akasema, tusiucheke. Zamani akioka mkewe. Sasa mkewe haamki kitandani, na Mahabuba huwekwa kwenye kigingi chumbani mwake, wanatazamana siku nzima. "Humwambia mambo ambayo miye haniambii," alisema. "N'tamwambiaje nikirudi na kigingi kitupu?"

Mkate ulikuwa mzito katikati na umeungua chini. Tuliula wote.

Shamba la mitende

Tulizunguka barabara zile mpaka jua likawa kali. Nilitazama kila nguzo, kila mti. Mara mbili niliinua sauti, mara mbili akawa kunguru. Mwishowe, nyuma ya ukuta wa shamba moja, juu ya mtende mrefu, niliona kitu kama mfuko wa plastiki ulionasa. Nilikuwa nimekwisha kukipita na darubini. Kisha mfuko ule ukapiga bawa.

Alikuwa amening'inia kichwa chini, kamba imenasa kwenye miiba ya matawi. Alipiga mabawa kidogo, akatulia. Kutulia kule ndiko kulikonitisha.

Geti lilifunguliwa na Mbengali aliyevaa msuli na koti la baridi, anaitwa Rafiq. Kwanza alinitazama mimi, akatabasamu kwa huruma, akaniashiria niingie, akanionyesha mlango wa jiko. Alidhani mimi ndiye mpishi mpya aliyeletwa na tajiri wake. Ilichukua muda kumtoa huko. Alipoelewa, alikunja uso. "Arbab mafi," akasema, yaani tajiri hayupo. Bila tajiri hawezi kuruhusu watu kupanda mitende yake. Alimpigia simu mbele yetu, akapiga tena, haikupokewa. Mzee Nasor alimwomba kwa Kiarabu, akamwomba kwa Kihindi, mwisho alikuwa anamwomba kwa Kiswahili bila kujijua. Rafiq mwenyewe aliumia bega kwenye mavuno na hapandi tena.

Karisa alinivuta pembeni.

"Dada, ni shamba la mtu. Wakiita polisi, na mimi ni mlinzi, khalas. Kadi yangu ya kazi imekwenda."

"Basi usipande," nikamwambia, na nilimaanisha.

Aliutazama mtende. Kozi alipiga bawa moja tu safari hii. Karisa akakaa chini akavua viatu.

Rafiq akamwona. Alisimama, akasema kitu kwa lugha ya kwao, akaenda bandani akarudi na mkanda wa kamba wa kupandia mitende na kisu cha kukatia matawi. Akaufunga mwenyewe kiunoni mwa Karisa, akavuta fundo kwa nguvu, akalijaribu tena. Sijui kwake yeye iligharimu nini kufanya vile.

Mnajua Karisa alivyokuwa kwenye minazi ya nyumbani. Lakini amenenepa, ametoka zamu, na mtende si mnazi. Alipanda kidogo, akapumzika akihema. Miiba ilimchana mikono. Mzee Nasor alikuwa chini anasoma dua kwa midomo tu. Karisa alipofika juu, kozi alizinduka akaanza kujipigapiga kwa nguvu zote, manyoya yakidondoka, na Karisa akavua jaketi lake la kazi kwa mkono mmoja, akamfunika, akamkumbatia kifuani. Nilisikia ukelele. Kucha zilikuwa zimepita kwenye jaketi zikaingia kiganjani. Hakumwachia. Alikata kamba, akakaa kidogo kule juu na paji lake kwenye shina, kisha akaanza kushuka.

Mzee Nasor alimpokea kozi, akamvisha kofia ya ngozi ya kumziba macho, akamnyoosha bawa moja, akamnyoosha la pili. "Mzima," akasema. "Mzima. Mzima." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alimpigia mkewe, akaiweka simu karibu na kozi. Kengele ndogo ya mguuni ikalia. Upande wa pili tulisikia sauti nyembamba ya mwanamke: "Mwambie na yeye asinifanyie tena hivi."

Rafiq aliosha mkono wa Karisa, akaupaka manjano, akaufunga kwa kipande cha msuli. Kisha akatuwekea wali na mchuzi wa samaki kwenye sinia, tukakaa chini tukala kwa mikono, sote wanne. Tajiri alipiga simu tukiwa tunakula. Rafiq akainuka, akaongea naye akiwa amesimama wima, akamalizia kwa kucheka. Tajiri alikuwa ameuliza kama amewakaribisha wageni chai.

Ras Al Khor

Mzee Nasor alitufikisha mpaka Ras Al Khor, pale khor, yaani mkono wa bahari, inapoishia kwenye mikoko na matope, akatuacha mlangoni mwa hifadhi ya ndege. Alimwombea Karisa, akamwambia, "Nisalimie mama," akaondoka.

Kibanda cha kutazamia ndege kilikuwa kimebaki na sisi tu. Mbele yetu heroe walijaa maji yote, wa waridi, vichwa chini, wakitembea pamoja kama wanasukumwa na upepo. Nyuma yao yangeyange, na vitwitwi wa kila namna matopeni, na nyuma kabisa maghorofa. Mngekuwapo mngelia. Mimi sikuweza kutazama.

"Kwa nini ulimwambia mzee mama hajambo?"

Alilikaza fundo la kitambaa mkononi kwa meno.

"Sikunyimwa ruhusa, dada," akasema. "Sikuomba."

Niligeuka. Yeye alikuwa anawatazama heroe.

"Ningeomba wangenipa. Wangenipa ningekuja. Ningekuja ningemwona." Aliushika mkono wake uliofungwa. "Hapa hakuna anayejua. Kazini sikumwambia mtu. Watu huniuliza, mama yako hajambo? Nasema hajambo. Hapa bado yuko, dada. Nikitoka zamu najiambia, kesho nitampigia."

Yale maneno yangu yote yalikuwapo kifuani, nimeyapanga vizuri, yalikuwa makali na mengine yalikuwa ya haki. Niliyaacha huko huko. Nilimwona tu mdogo wangu, manjano yamemtapakaa mpaka kwenye kifundo, soksi zimejaa miiba, amechoka mno hata kulia hawezi.

Baadaye sana akauliza, bila kunitazama, "Mlimfunika na leso gani?"

"Ile ya zambarau. Uliyomtumia wewe."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na siku yenyewe ilikuwaje?"

Nikamsimulia. Nilianza alfajiri, majirani walipokuja kuchota maji ya kupikia. Nikamwambia nani aliyechimba, nani aliyeshindwa kuimba akatoka nje, mjomba alivyogombana na mwenye viti vya kukodi, mvua ilivyotaka kunyesha ikaghairi. Alitaka kila kitu. Aliuliza upepo ulitoka wapi. Aliuliza kama mbwa wetu alifungwa. Pale alipotaka kucheka alicheka, na kicheko kikamgeukia, akainamisha kichwa kwenye ukingo wa dirisha na mabega yakaanza kutikisika. Niliweka mkono mgongoni mwake nikaendelea kusimulia, kwa sababu nilihisi nikinyamaza ataacha.

Mlinzi wa kibanda alikuja kutuambia wanafunga. Karisa aliinua uso, umelowa wote, akamwambia mlinzi mwenzake, "Dakika kidogo, ndugu yangu. Tunazika."

Sidhani alielewa Kiswahili. Alimtazama Karisa, akautazama mkono uliofungwa, akatoka akauegesha mlango taratibu. Nikaendelea kuanzia pale walipoinua jeneza.